Siku tatu juu ya mgongo wa volkano: jibu kwa msomaji anayekwenda Bend, Oregon

Msomaji wetu anayeishi Portland ana siku tatu za mapumziko mwezi Julai. Atasafiri kwa gari na mama yake mwenye umri wa miaka 64, ambaye goti linamsumbua, pamoja na watoto wawili wa miaka 9 na 13. Ameandika: "Nasikia upande wa Bend kuna volkano nyingi. Kila orodha ninayosoma ina vivutio ishirini. Tuanzie wapi, tuache nini, na je, ni salama? Mwanangu mdogo ameshaniuliza mara kumi kama ataruhusiwa kuokota lile jiwe jeusi la kioo."

Dada yangu, jibu fupi ni hili: siku mbili kati ya hizo tatu zitumieni kwenye volkano moja tu, Newberry, na siku ya tatu mpitie miamba ya Smith Rock mnaporudi nyumbani. Crater Lake, ziwa lililo ndani ya volkano nyingine, iacheni kwa safari nyingine. Najua itakuuma, maana ndiyo picha inayotangulia katika kila orodha, lakini kutoka Bend ni mwendo wa karibu saa mbili kwenda na mwingine kama huo kurudi. Ukiirundika juu ya mengine, watoto watarudi wakikumbuka kiti cha nyuma cha gari.

Wageni wengi huipita Newberry bila kujua kwamba wameipita. Mtu akisikia volkano hutazamia mlima wenye ncha na theluji. Milima ya namna hiyo ipo, na mtaiona upande wa magharibi kabla hata hamjafika mjini: Three Sisters, Broken Top, Mount Bachelor. Macho yote huvutwa huko. Newberry iko upande wa pili, kusini mwa mji, na haina ncha ya kutisha. Imelala kama ngao iliyowekwa chini, na lava zake zimetanda katika eneo la takriban kilomita za mraba 3,000. Ni miongoni mwa volkano kubwa kabisa za safu ya Cascades. Mkishika barabara ya 97 kutoka Bend kwenda kusini mnakuwa tayari mnapanda ubavu wake, na sehemu ya mji wenyewe imejengwa juu ya lava iliyotoka humo. Mgeni mmoja niliyekuwa nikimtembeza aliniuliza, baada ya saa nzima ya kutembea, mlima wenyewe uko wapi. Tulikuwa tumesimama juu yake.

Kinachoifanya isomeke ni ukame. Wewe unatoka Portland, unajua mvua. Mawingu ya Pasifiki hutua mzigo wake upande wa magharibi wa Cascades, na yakivuka milima yamebaki matupu. Bend hupata kiasi cha milimita 300 tu za mvua kwa mwaka, na iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hilo ndilo jangwa la nyanda za juu: si mchanga na ngamia, ni mireteni, misonobari mikubwa yenye magome ya rangi ya chungwa, na vichaka vya kijivu vinavyonukia vikali mvua ikinyesha. Udongo hujengeka polepole mno. Kwa hiyo lava iliyomwagika miaka 7,000 iliyopita imebaki nyeusi na tupu, kama kwamba aliyeimwaga ameondoka jana. Kwingineko mwanajiolojia hulazimika kuchimba ili aone. Hapa hata mtoto wa miaka 9 anaona.

Anzeni na Lava Butte, kilomita kama 18 kusini mwa Bend, na mfike asubuhi. Ni kilima cha kokoto nyekundu na nyeusi, kimo chake mita 150 hivi, chenye shimo kileleni. Kipo kando ya kituo cha wageni cha Lava Lands. Barabara ya lami hupanda hadi juu, kwa hiyo mama hatakosa kitu. Maegesho ya kileleni ni machache sana, na wakati wa msimu magari hupandishwa kwa zamu. Ulizeni pale kituoni mara tu mfikapo. Njia inayozunguka ukingo wa shimo ni fupi, na goti lake litaiweza akienda taratibu.

Mkiwa juu, msitazame milima ya theluji kwanza. Tazameni chini. Kokoto mnazokanyaga ni matone ya lava yaliyorushwa hewani na gesi, yakapoa yakiwa angani na kudondoka kuzunguka tundu hadi yakawa kilima. Wekundu wake ni kutu: chuma kilichokutana na hewa na mvuke kingali cha moto. Gesi ilipopungua, lava haikuwa tena na nguvu ya kuruka. Ikatoboa ubavu wa kusini wa kilima na kutoka kama uji uliofurika sufuria. Ndiyo ile nyeusi mnayoiona imeenea kaskazini na magharibi, kilomita za mraba zaidi ya 20.

Lava hiyo ilishuka hadi mto Deschutes na kuuziba. Maji yakajikusanya nyuma ya ukuta, mto ukahangaika, mwishowe ukatafuta njia nyingine pembezoni mwa lava. Maporomoko ya Benham, kilomita chache kutoka hapo, ni matokeo ya ugomvi huo. Nawaombeni mwende mkayaone mchana huohuo, maana hapo ndipo watoto hushika jambo zima: juu kilimani waliona lava iliyoshinda, hapa wanaona maji yasiyokubali. Kuna njia ya kutembea kando ya mto, yenye kivuli na tambarare kwa sehemu kubwa. Msiingie majini pale; mto una nguvu kuliko unavyoonekana.

Pango la Lava River liko karibu sana na Lava Lands, na mtoto wako wa miaka 13 hatalisahau. Mto wa lava ukitiririka, sehemu ya juu hupoa na kuwa ganda, huku ndani ukiendelea kwenda kwa joto lake. Chanzo kikikauka, lava ya ndani humwagika yote na kuacha bomba tupu. Bomba hili lina urefu wa karibu kilomita 1.6 zinazotembeka, na katikati ya safari mtapita chini ya barabara ya 97, malori yakinguruma juu yenu bila ninyi kuyasikia. Joto la ndani ni nyuzi 5 au 6 za Selsiasi majira yote. Nje Julai inaweza kuwa 30, kwa hiyo makoti yawe mkononi kabla hamjashuka. Kila mtu awe na taa yake, na mmoja wenu awe na ya akiba. Mwanga wa simu hautoshi kabisa. Kwenda na kurudi ni kama saa moja na nusu hadi mbili, sakafu ina mawe yaliyovunjika, na ngazi za kuingilia ni nyingi na zenye mwinuko. Mama asiingie. Akae kwenye kivuli cha misonobari hapo juu, na mwambie anuse magome ya ile mikubwa: jua likiipiga hutoa harufu tamu kama vanila.

Pango lina masharti mawili. Kwanza, ni lazima kukata nafasi mapema kwa intaneti, na siku za Julai hujaa haraka. Pili, nguo, viatu au mabegi yaliyowahi kuingia pango jingine au mgodi yasiingie humo. Kuna ugonjwa wa ukungu uliokwisha kuua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini, na hubebwa kwa matope ya viatu. Popo wa Newberry hulala humo wakati wa baridi, ndiyo sababu pango hufungwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili. Tafadhali lichukulieni kwa uzito unaostahili.

Siku ya pili ni ya kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki volkano ikididimia. Kutoka Bend ni kilomita 60 hivi: barabara ya 97 kwenda kusini, kisha mnakunja kushoto na kupanda taratibu kupitia msitu. Hakuna kitakachowaambia kwamba mmeingia ndani ya volkano, ila mtashtuka kuona ziwa mbele yenu. Miaka 75,000 hivi iliyopita volkano hii ilitapika magma nyingi, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kwa mpigo mmoja, paa likakosa nguzo na kudidimia. Shimo lililobaki lina upana wa kilomita 6 kwa 8, na leo ndani yake kuna maziwa mawili, Paulina na East, yenye maji ya mvua, theluji na chemchemi za moto. Jina Paulina ni la kiongozi wa Wapaiute wa Kaskazini aliyeuawa mwaka 1867 wakati watu wake wakipigania nchi yao. Si jina la mwanamke, kama wengi wanavyodhani.

Mpelekeni mama kwanza kwenye maporomoko ya Paulina. Kutoka maegesho hadi mahali pa kutazamia ni hatua chache, na maji hushuka mita 24 kwa mikono miwili sambamba. Halafu pandeni kwa gari kilele cha Paulina, mita 2,434. Barabara ni ya changarawe, nyembamba na yenye mwinuko, na theluji huweza kuifunga hadi mwisho wa Juni au zaidi. Magari yanayovuta trela hayafai kule. Juu mtaona kaldera nzima kwa mtazamo mmoja, na ndani yake kitu kama lami ya kijivu iliyokunjamana. Hicho ndicho anachokiota mwanao mdogo: mkondo mkubwa wa obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mahali pengine katika safari yenu panapofundisha kama hapa. Mkondo huu ulitoka miaka 1,300 hivi iliyopita, na ndio mkondo wa lava wa karibuni zaidi katika jimbo la Oregon. Magma ya Lava Butte ilikuwa na silika kidogo, ile madini inayotengeneza kioo, ikatiririka kama uji mwepesi. Hii ya kaldera ina silika nyingi, na silika huifanya magma iwe nzito kama ugali ulioiva. Gesi haitoki kirahisi ndani ya ugali. Mwanzoni ililipuka: mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea majini, pamoja na majivu vilirushwa juu na upepo ukavipeleka mashariki hadi Idaho. Gesi ilipokwisha toka, kilichobaki kilisukumwa nje polepole, kikajikunja na kupasuka kikiwa kinakwenda. Kwa hiyo jiwe jepesi la kijivu na kioo cheusi kizito mtakavyovikuta pamoja njiani ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni gesi tu. Mpe mtoto avishike vyote viwili kwa mikono miwili.

Mara nyingi husemwa kwamba obsidiani ni kioo kwa sababu ilipoa haraka. Si jibu kamili. Mkondo huu una unene wa makumi ya mita, na ndani yake ulichukua muda mrefu kupoa. Kilichouzuia kujenga fuwele ni ule uzito wake na kupotea kwa maji yaliyokuwa ndani: chembe hazikupata nafasi ya kusogea na kujipanga. Ukimweleza hivyo binti au kijana wa miaka 13, ataelewa.

Njia ya kupanda juu ya mkondo ni ya kilomita 1.6 hivi kwa mzunguko, na huanza na ngazi ndefu za chuma. Mama akiangalia kutoka chini bado ataona ukuta wenyewe uking'aa. Watoto wavae suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, maana mtu akiteleza na kuweka mkono chini, atachanika kama aliyeshika chupa iliyovunjika. Mbwa msimpeleke kabisa.

Mkimaliza mapema na gari lenu si la chini sana, kuna Lava Cast Forest. Watu wachache huenda kwa sababu barabara ya kuingilia ni ya mawe na ya polepole, lakini njia ya miguu ina lami. Lava ya wakati uleule wa Lava Butte iliingia msituni, ikaizunguka miti iliyosimama na kugandia magogo yake. Miti iliungua, visima vilivyobaki vina umbo la miti. Mimi hupenda kusimama hapo bila kusema kitu.

Sasa, je, ni salama? Newberry haijafa. Mwaka 1981 kisima cha utafiti kilichochimbwa ndani ya kaldera kilikuta nyuzi joto 265 kwenye kina cha mita 932. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, limeiweka katika daraja la juu kabisa la tishio. Daraja hilo huangalia volkano inaweza kufanya nini na nani anaishi karibu. Halisemi kwamba italipuka wiki ijayo. Vipimo vya mitetemo na vya kuvimba kwa ardhi vipo na husomwa wakati wote. Magma haipandi kimyakimya: ardhi hutetemeka na kuinuka kwanza. Mimi ningempeleka mama yangu huko bila wasiwasi.

Hofu yangu iko kwenye mambo madogo. Hewa ni kavu, mtu hatoki jasho la kuonekana, akashtuka kichwa kinauma: kila mmoja anywe maji kabla ya kiu. Jua la nyanda za juu huunguza hata kukiwa na upepo baridi. Usiku wa Julai kwenye kaldera joto laweza kushuka karibu na kuganda, kwa hiyo kama mtalala kwenye mahema, mablanketi ya mama yawe ya kutosha. Simu hukosa mtandao sehemu nyingi. Pakueni ramani mkiwa bado mjini na mjaze mafuta. Jioni paa huvuka barabara bila kutazama. Na moto wa msituni: kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba moshi unaweza kufunika kila kitu na barabara za msitu zikafungwa. Ndiyo maana nakushauri wiki mbili za mwanzo za Julai, ila epukeni siku zinazozunguka tarehe 4, sikukuu yao ya uhuru, kwa sababu ya msongamano. Asubuhi ya kila siku angalia taarifa za msitu wa Deschutes, ambao ndio unaosimamia hifadhi ya Newberry tangu ilipoundwa mwaka 1990.

Smith Rock siku ya tatu. Iko kilomita 40 hivi kaskazini, karibu na Terrebonne, mnapoelekea nyumbani. Ni hifadhi ya jimbo, kwa hiyo kibali cha msitu mlichokitumia Newberry hakifanyi kazi hapo. Mtalipia maegesho upya. Kuta zake za rangi ya kahawia na machungwa ni majivu yaliyoshindiliwa na kuwa mwamba, kutoka kwenye kaldera iliyolipuka miaka milioni 29 na zaidi iliyopita, kabla Newberry haijafikiriwa. Fikeni saa moja asubuhi. Mama akae kwenye ukingo wa juu, ambako mandhari yote iko mbele yake bila kushuka hatua moja. Watoto washuke mtoni wakawatazame wapandaji wa miamba. Michezo ya kupanda kwa kamba na vyuma vilivyopigwa mwambani ilianza kushika Marekani hapahapa miaka ya 1980. Kuna nyoka wenye njuga. Watoto wasiingize mikono kwenye nyufa wala kutoka nje ya njia.

Mkipata siku ya nne, msiongeze Crater Lake. Nendeni Fort Rock, zaidi ya kilomita 100 kusini-mashariki mwa Bend. Magma ilipanda ikakutana na maji ya ziwa la zamani, ikalipuka kwa mvuke na kujenga duara la kuta linaloinuka peke yake katikati ya tambarare kama boma la jitu. Mawimbi ya ziwa hilo yalikula upande mmoja wa duara, na alama zake zipo ukutani hadi leo ingawa maji yamekauka. Katika pango la jirani, mwaka 1938, mwanaakiolojia Luther Cressman alikuta makumi ya kandambili zilizosukwa kwa magome ya vile vichaka vya kijivu, zikiwa chini ya majivu ya mlima Mazama, ule uliodidimia miaka 7,700 iliyopita na kuacha Crater Lake. Kandambili zenyewe zimepimwa na kuonekana zina zaidi ya miaka 9,000. Kuna watu walioishi hapa, na majivu yale yaliangukia juu ya nchi waliyokuwa wameshaizoea. Wazao wa wenyeji wa kale bado wapo, Waklamath, Wapaiute na watu wa Warm Springs, na mahali pengi mtakapokanyaga ni pa mababu zao.

Kwa hiyo mwambie mdogo ukweli kuhusu jiwe: ndani ya Newberry haruhusiwi kuokota hata kipande cha ukucha. Mamilioni ya wageni wakichukua kimoja kimoja, mkondo utabaki vumbi, na pia ni kosa la kisheria. Lakini asikate tamaa. Glass Buttes, kando ya barabara ya 20 mashariki mwa Bend, ni ardhi ya umma ambako mtu anaruhusiwa kuokota obsidiani kiasi cha matumizi yake mwenyewe, nyeusi, nyekundu, hata yenye mng'ao wa dhahabu. Barabara za ndani ni mbovu na hakuna maji wala kivuli, kwa hiyo mwende asubuhi na gari la juu. Mchukulie glavu za ngozi na miwani ya kukinga macho, na asiligonge jiwe kwa nyundo karibu na nduguye.